Gharibu na Kalamu: Watungaji wa Kike, Uhamisho na Mji wa Kale wa Mombasa

Kiswahili cha pwani kina maneno mawili ya kumtaja mtu aliye mbali na kwao, na yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza ni gharibu, yaani mgeni aliyetengana na mji wake, na mzizi wake ndio uliozaa pia magharibi, upande ambako jua hupotelea. La pili ni ghaibu, lenye maana ya kutokuwapo, na ndilo lililowapa wasemaji wa leo neno ughaibuni. Maneno haya hayatazami kutoka mahali pamoja, kwani gharibu huonwa na wenyeji wa mji alikofikia, ambao humwona mbele yao na hawamjui nasaba yake, ilhali aliye ghaibu huonwa, au tuseme hukosekana, na wale aliowaacha nyumbani. Katika ushairi wa Kiarabu wa karne ya 20 neno ghurba, yaani hali ya kuwa gharibu, limebeba uzito mkubwa mno. Nazik al-Malaika, mshairi aliyezaliwa Baghdad mwaka 1923 na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa shairi huru la Kiarabu, aliondoka Iraq, akafundisha Kuwait, na hatimaye akafariki Cairo mwaka 2007, na maisha yake hutajwa kama mfano wa mwanamke msomi aliyezeeka mbali na mto wa kwao. Lakini miaka mingi kabla ya kizazi chake, mwanamke wa pwani ya Waswahili alikuwa amekwisha kulitumia neno hilo kujitaja mwenyewe, katika utungo wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Habari zake haziwezi kuelezwa vyema bila ya kuanzia Mombasa, kwa sababu dola iliyoutikisa mji wake ndiyo iliyokwisha kuitiisha Mombasa.

Kisiwa cha Mombasa, ambacho wenyeji wake hukiita Mvita, kina masimulizi ya asili yanayomtanguliza mwanamke: Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, ndiye anayetajwa kabla ya Shehe Mvita, ambaye ukoo wake ulikuja kuutawala mji baada yake. Ngome kuu iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 ilianguka mikononi mwa Waomani mwezi wa Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa muda wa miezi thelathini na mitatu, na katika karne iliyofuata wakaitawala Mombasa maliwali wa ukoo wa Mazrui, ambao kwa asili walikuwa watumishi wa dola ya Oman lakini wakajitenga nayo na kuufanya mji huu kuwa wao. Nguvu yao haikutokana na ngome peke yake. Ilitegemea pia mapatano na mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji, yaani Thalatha Taifa na Tisa Taifa, makundi mawili makubwa ya koo ambayo kila moja lilikuwa na tamimu wake, kiongozi aliyesemea watu wake mbele ya liwali.

Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, aliyekuwa ameishambulia Mombasa mara kadhaa katika muda wa miaka kumi iliyotangulia, aliitwaa ngome kwa kutumia mfarakano wa wenyeji zaidi kuliko kwa mizinga. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na jamaa zake wakubwa, wakapakiwa jahazini na kupelekwa kifungoni Bandar Abbas, katika pwani ya Uajemi, nao hawakurudi. Waliosalia waligawanyika, tawi moja likahamia Takaungu upande wa kaskazini na jingine Gazi upande wa kusini. Mshairi wa mji huo, Muyaka bin Haji, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewatungia Mazrui mashairi ya vita na ya siasa, alibaki kisiwani na kufariki karibu na mwaka 1840, mji ukiwa tayari chini ya askari wa Kibaluchi wa Seyyid Said. Tungo zake zilihifadhiwa midomoni mwa watu na katika hati chache, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipozikusanya mwishoni mwa karne akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na diwani yake, yaani mkusanyiko wa mashairi ya mtunzi mmoja, ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Wanawake wa nyumba za Mazrui walioachwa na wanaume waliopelekwa Bandar Abbas hawakuachiwa nafasi katika diwani yoyote, na yeyote anayeisoma historia ya mwaka 1837 kwa makini huliona pengo hilo.

Baada ya Mombasa kutiishwa, vita vilisogea kaskazini. Siyu, mji wa mafundi na wanazuoni katika kisiwa cha Pate, ulikataa kuwa chini ya Seyyid Said, na chini ya uongozi wa Bwana Mataka ukalishinda jeshi lake katika vita vya miaka ya 1840, ambamo Hamad, amiri wa Seyyid Said, aliuawa. Mke wa mwisho wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke mwenye asili ya mji wa Pate, aliyemzalia binti aitwaye Mwana Hashima na baadaye mtoto wa kiume. Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki, mwaka ule ule ambao hasimu wake Seyyid Said alifia baharini akirejea Unguja. Mjane alihamia Lamu na watoto wake, na huko, akiwa mgonjwa, mnamo mwaka 1858 alitunga utendi ulioliweka jina lake katika historia.

Utendi, au utenzi kwa lafudhi ya kusini, ni utungo mrefu wa beti za mishororo minne mifupi yenye mizani minane kila mmoja, ambao mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti hukubaliana vina vyake, na wa nne hubeba kina kimoja kinachopita utungo mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Utendi wa Mwana Kupona una beti zipatazo mia moja, katika lahaja ya Kiamu, na umejaa maneno ya Kiarabu kama ilivyokuwa ada ya wanazuoni wa wakati huo. Mama anamwita binti yake akae karibu naye na alete wino na karatasi, kisha anamuusia juu ya dini, adabu, kukaa na watu wa kila daraja, na mwenendo wake kwa mume. Anamkumbuka marehemu mumewe, na kumalizia kwa dua ndefu anayowaombea wanawe na jamaa na kujiombea mwenyewe afya. Karibu na mwisho anajitambulisha kwa wasomaji wa baadaye. Anajiita gharibu, anataja jina lake na mji wake, na anaandika tarehe ya utungo kwa hesabu ya maneno ya Kiarabu, mwaka 1275 wa Hijra.

Wasomaji wengi wameuchukua utendi huu kama kitabu cha wajibu wa mke, na toleo la Kiingereza lililotayarishwa na Alice Werner na Hichens mwaka 1934 lilipewa kichwa kilichousukuma upande huo huo. Ufahamu huo ni mwembamba. Nasaha za ndoa ni sehemu moja tu ya utungo, na zinasomeka kwa namna nyingine kabisa mtu akikumbuka hali ya mtungaji: ni mjane katika mji usio wake, ulinzi wa mumewe umekwisha, mji alikoolewa unanyemelewa na Sultani wa Unguja, mwili wake unadhoofika, na watoto wake watabaki kwa watu. Katika hali hiyo wasia ndio mali pekee inayoweza kuvuka bahari bila ya kutozwa ushuru wala kutekwa. Pale anapomfundisha binti namna ya kumridhisha mume, anamfundisha pia namna ya kupata mahali pa kukaa katika dunia ambayo mwanamke asiye na mume wala ndugu wenye nguvu hakuwa na pa kuegemea. Lamu si mbali na Pate, na anayetazama ramani anaweza kudhani kwamba neno gharibu limetiwa chumvi. Lakini katika pwani hii kila mji ulikuwa na nasaba zake, makaburi yake na daraja zake za heshima, na safari ya mashua ya nusu siku ilitosha kumfanya binti wa watu awe mtu wa kuulizwa ametoka wapi.

Mwana Kupona alifariki Lamu muda usiokuwa mrefu baada ya kutunga. Siyu ilitiishwa katika miaka ya 1860 wakati wa Seyyid Majid, mwana wa Seyyid Said aliyemrithi Unguja, na mtoto wa Bwana Mataka aliyeshika uongozi baada ya baba yake alifungwa katika Ngome ya Mombasa na kufia humo. Hivyo ngome ambayo Mazrui walitolewa kwenda kuwa wageni wa watu ikawa ndiyo inayopokea wageni wa kulazimishwa kutoka miji mingine, na kazi hiyo ya kifungo iliendelea chini ya serikali ya Kiingereza hadi mwaka 1958.

Wito wa Mwana Kupona kwa binti yake kuhusu wino na karatasi unastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu si jambo lililokuwa la kawaida kila mahali. Katika miaka ile ile, katika majumba ya Unguja, Salme binti Said, mmoja wa mabinti wa Seyyid Said, alikuwa akijifunza kuandika kwa siri. Kama alivyoeleza baadaye, mabinti walifundishwa kusoma Kurani lakini kuandika hakukuonekana kuwa jambo la mwanamke, naye akajifundisha kwa kuiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ulitumika kama ubao. Elimu hiyo ndiyo iliyomfanya awe mwandishi wa barua za njama ya mwaka 1859, pale kaka yake Barghash alipotaka kukinyakua kiti cha Majid. Mwaka 1866 Salme alitoroka Unguja, akafika Aden, na kutoka hapo akaenda Hamburg akiwa mke wa mfanyabiashara Mjerumani, kwa jina la Emily Ruete, na kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Baadaye aliishi miaka mingi Beirut, katikati ya wasemaji wa Kiarabu, lugha aliyokua nayo, lakini bado akiwa gharibu, hadi alipofia Ujerumani mwaka 1924. Mke wa hasimu wa Seyyid Said na binti wa Seyyid Said mwenyewe wamekumbukwa kwa sababu moja: walishika kalamu walipokuwa mbali na kwao, na karatasi zao zikasalia.

Mombasa haikukosa wanawake wenye kutunga, bali tungo zao zilikwenda njia nyingine, na hapa ndipo historia ya Mji wa Kale inapotofautiana na ile ya Lamu. Katika nyumba za Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, wasichana wa kiungwana walisomeshwa Kurani chuoni, wakahifadhi kwa Kiarabu kasida na maulidi ambayo wengi wao hawakuyajua maana neno kwa neno, na walipokaribia kubaleghe wakaingia utawani, yaani katika ada ya kukaa ndani na kutoonekana na wanaume wasiokuwa maharimu. Ushairi wao wenyewe ulikuwa wa Kimvita, na mahali pake palikuwa harusini na katika ngoma. Palikuwa na vugo, ambamo wanawake hugonga pembe za nyati kwa vijiti wakiimba. Na tangu mwishoni mwa karne ya 19 ikaenea lelemama, ngoma ya wanawake waliovaa sare, waliojipanga safu na kuisogeza mikono kwa madaha, huku nyimbo zikitungwa kwa ajili ya kuwapiga vijembe wapinzani.

Lelemama ilikuwa zaidi ya mchezo. Vyama vyake vilikuwa na vyeo, michango, karamu na ushindani mkali, na mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi vilivyowafundisha wanawake kuendesha mambo yao wenyewe hadi wengine wakaingia katika vyama vya elimu na haki katika miaka ya 1950. Vyama viwili vilivyovuma sana viliitwa Ibinaal Watan na Banu Saada, majina ya Kiarabu yaliyochukuliwa na wanawake ambao wengi wao hawakuongea Kiarabu. La kwanza lina maana ya mwana wa nchi. Jina hilo lina uzito wake katika mji ambao baadhi ya wachezaji walikuwa wazao wa watumwa walioletwa kutoka bara na kusini, kwani utumwa katika pwani hii ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu, na mtu aliyetekwa Nyasa akauzwa Mombasa alikuwa gharibu kwa maana kali kuliko yoyote ambayo washairi wameitumia. Kuitwa mwana wa nchi mbele ya umati, kwa wimbo uliotungwa na chama chake, lilikuwa dai ambalo hakuna hati ya kadhi wala ya liwali iliyompa mwanamke mzao wa watumwa.

Nyimbo hizo zilidumu muda wa msimu. Chama kilipotungiwa wimbo wa kuudhi kilijibu kwa mwingine, watu wakaucheka na kuusema barazani, kisha ukasahauliwa au ukabaki kichwani mwa wachache, na aliyeutunga alijulikana na mtaa mzima lakini hakuandikwa popote. Si kweli kwamba tungo zao zilikuwa duni kuliko mashairi ya wanaume waliojibizana kwa barua. Wanaume walikuwa na Mwalimu Sikujua, na wanawake hawakuwa naye.

Kuanzia miaka ya 1930 suala la kalamu ya mwanamke lilizungumzwa waziwazi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alitoa gazeti la Sahifa na kisha Al-Islah, na miongoni mwa mambo aliyoyashikilia ni kwamba Waislamu wa pwani walijidhuru kwa kuwanyima mabinti zao elimu. Mwaka 1938 ilifunguliwa shule ya wasichana wa Kiarabu mjini Mombasa. Mabadiliko haya yalikuwa ya lazima na yalileta kheri nyingi, ila yaliambatana na hasara moja ambayo hutajwa kwa nadra: shule mpya na ofisi za serikali zilitumia herufi za Kirumi, na mwanamke mzee aliyeweza kusoma barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu akahesabiwa kuwa hajui kusoma. Maandiko aliyoyahifadhi kashani yakawa karatasi zisizosomeka na wajukuu zake. Huko Lamu Mwana Hashima, aliyekaa karibu na mama yake na wino na karatasi, aliishi hadi mwaka 1933, na Alice Werner alibahatika kukutana naye na kuupata utendi kwa wenyewe kabla ya kuuchapisha. Mabinti wengi wa Mji wa Kale hawakupata mgeni wa kuwauliza.

Uhamisho wa wanaume wa Mombasa uliendelea na umesimuliwa vya kutosha. Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikimbilia katika himaya ya Wajerumani mwaka 1896 baada ya kushindwa na Waingereza, akafia huko. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1946, alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka alioutoa mwaka 1968 akiihoji serikali ya Kenya, akatunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, kisha akaishi Dar es Salaam, London na Leipzig. Alamin Mazrui, aliyewekwa kizuizini mwaka 1982 na baadaye kuishi Marekani, alitoa diwani yake Chembe cha Moyo mwaka 1988. Kila mmoja wa washairi hawa wawili alikuwa na kitabu chenye jina lake juu ya jalada.

Kwa wanawake, jina lilikuja kwa njia ya sauti. Siti binti Saad wa Unguja aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, santuri zake zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyochukua jina la mwimbaji wa kike wa Kiswahili kutoka bandari hadi bandari, na taarabu, muziki uliozaliwa katika kumbi za watawala kwa lugha ya Kiarabu, ikawa ya Kiswahili. Mombasa ikapata taarabu yake, iliyochanganyika na mapigo ya chakacha, ngoma ya wanawake wa harusini, na waimbaji kama Zuhura Swaleh wakaifanya ijulikane mbali na kisiwa. Wakati huo ughaibuni ulikuwa umepanuka, kwani mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yaliwatawanya watu wengi, baadhi yao wakipitia Mombasa, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 wengi walihamia Oman, huku wengine wakifuata kazi katika nchi nyingine za Ghuba.

Duka la Mbwana Radio Service mjini Mombasa lilikuwa miongoni mwa maduka yaliyorekodi na kuuza taarabu katika kanda, na kanda hizo zilisafiri mikobani na masandukuni. Wimbo ulioimbwa katika kesha la harusi ya Mji wa Kale ulisikilizwa Muscat na Dubai na wanawake waliokuwa mbali na mama zao, ambao waliyaelewa mafumbo yake bila ya kufasiriwa kwa sababu walikulia katika nyumba hizo hizo. Juu ya karatasi ya kanda liliandikwa jina la mwimbaji, au la kikundi chake, na mara nyingi jina la wimbo. La aliyeutunga mara nyingi halikuwapo.